Maji ya Sanduku la Upepo

Katika mji wa Shinyanga wa siku zile, vita vikiwa vimekwisha miaka michache nyuma, nyumba ya tajiri mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba ilikuwa na chumba kimoja cha baridi, na kwa misimu mitatu mimi ndiye niliyekitia baridi.

Nikisema hivyo watoto wa sasa hudhani nazungumzia mashine ya kubonyeza. Sivyo. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kimo cha mtu, limesimamishwa barazani juu ya matofali, mgongo wake umeingizwa dirishani. Pande zake tatu za nje zilikuwa fremu za wavu wa waya, na kati ya wavu na wavu zilishindiliwa nyasi. Juu palikuwa na karai refu la bati lililotobolewa kwa msumari. Ukimimina maji yanadondokea nyasi tone kwa tone, yanashuka mpaka kwenye sinia la bati chini. Ndani mlikuwa na feni iliyopata umeme kutoka injini ya kiwanda, ng'ambo ya ua. Ikizunguka inavuta hewa ya jua, inaipitisha kwenye nyasi mbichi, na hewa inaingia chumbani imepoa kama ya alfajiri. Sisi wafanyakazi tuliliita sanduku la upepo.

Chumba kilikuwa cha mama yake tajiri, Mhindi mjane, mzee sana. Nyumba nzima ilimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, na sisi tukamwita hivyo hivyo.

Nilifika pale nina umri wa miaka ishirini na mbili hivi, nimerudishwa kwetu. Nilikuwa nimeolewa upande wa Mhunze, nikakaa miaka minne bila kushika mimba. Mume wangu hakunipiga wala kunitukana. Siku moja alinisindikiza mpaka kwa baba yangu, akaomba ng'ombe wake, na baba akawatoa zizini nikiwa nimekaa pale pale natazama. Mama alinionya nisikae karibu na mdogo wangu, maana alikuwa anatafutiwa mchumba na wageni wasingependa kutuona pamoja. Basi shangazi yangu, ambaye mumewe alikuwa akifunga marobota ya pamba kiwandani, akanichukua mjini.

"Kuna kazi ya kumwaga maji," aliniambia njiani. "Haitaki akili na haitaki kizazi."

Kazi hiyo ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, Msumbwa kutoka Ushirombo, mwenye rozari shingoni. Alikuwa ameifanya tangu sanduku lilipotengenezwa. Nyonga ilikuwa imemharibika, hakuweza tena kupanda kigoda akiwa na debe, kwa hiyo nilichukuliwa nimsaidie. Tukaelewana kwamba yeye atalitengeneza sanduku na mimi nitamwaga maji.

Alinifundisha kila kitu bila kunificha. Mwezi wa saba, kabla ya joto kuanza, tulilivua lile gunia lililolifunika wakati wa mvua. Kwanza tulipiga mbao kwa fimbo, tukangoja, maana nge na nyigu walipenda kukaa humo. Kisha tukazing'oa nyasi za mwaka uliopita, ngumu kama ufagio, zimeganda chumvi nyeupe. Maji ya Shinyanga yana chumvi; mahali yanapokauka yanaacha ukoko. Ukoko wa kwenye bati tuliusugua kwa maji ya ukwaju, na vile vitundu vya karai tukavizibua kimoja kimoja kwa msumari. Feni aliifuta vumbi la pamba kwa brashi, akaitia mafuta ya cherehani matone machache, akaizungusha kwa kidole akiwa ameiinamishia sikio. Zamani Ba alikuwa akiletewa mizizi ya nyasi yenye harufu nzuri kutoka kwao India, lakini wakati wa vita haikuja tena, ndipo mama huyu akagundua nyasi za mbugani zinazoweza kufanya kazi ile. Alikuwa na sharti lake. Nyasi zikishakatwa zioshwe, zianikwe siku tatu, kisha ndipo zitiwe.

"Ukizitia na ubichi wake zitaoza," aliniambia, "na kuoza kwake Ba atakunusa wewe."

Katikati ya msimu nyasi hubadilishwa mara ya pili. Wiki hiyo nyonga ilikuwa imemlaza, akaniagiza nizikate na kuzianika mimi. Nilizianika siku moja. Ba alikuwa anagonga ukuta kwa fimbo yake kwamba chumba kimepata moto, na mimi nilitaka nionekane naweza kazi yote peke yangu. Nikazishindilia, nikamwaga maji, chumba kikapoa. Siku ya tano harufu ikaanza, harufu ya kitu kilichokufa kwenye tope, na feni ikaipuliza yote kitandani.

Tuliitwa wote wawili barazani. Tajiri hakuwepo. Mkewe, mkamwana wa Ba, ndiye aliyetutafsiria maneno kutoka ndani. Aliuliza ni nani aliyezitia nyasi. Yule mama alinigeukia, akanipa nafasi. Mimi nikalitazama sinia. Nakumbuka maji yake yalikuwa na rangi ya chai.

"Ni kazi yangu, Bibi," akasema yeye.

Aliondolewa siku ile ile. Nilimbebea mzigo wake mpaka barabarani, na kwa muda wote ule nilitamani anitukane. Alipoketi juu ya mzigo kungoja lori la kuelekea kwao aliniambia nizing'oe nyasi zote na kuanika nyingine upya, nisijaribu kuzigeuza tu, hazitapona. Nikamwamkia kwa kumuaga, naye akaitikia marahaba. Niliporudi nilizing'oa. Kazi ikawa yangu peke yangu, na shangazi akafurahi.

Hapo ndipo nilipomjua Ba. Alilala mbele ya dirisha siku nzima amevaa nguo nyeupe ya ujane, na juu ya kitanda alikuwa ametundika leso. Leso ikipunguza kuchezacheza, au upepo ukipoteza ubaridi, fimbo ilianza ukutani na haikukoma mpaka asikie maji. Mlango ulifungwa wakati wote ili baridi isitoke. Mkamwana wake alipika kwenye mkaa, upande wa pili wa ukuta ule ule, na alipoleta chakula alipaswa kukiweka kizingitini, agonge, aondoke. Mtumishi mwanamume ndiye aliyekiingiza. Mwanamke yule alizaliwa Tabora na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Miaka yote aliyokaa mle hakuruhusiwa kusimama mbele ya upepo ule. Yeye na mumewe walilala chumba cha nyuma kilichopakana na injini, ambacho kuta zake zilikuwa na joto hata kabla jua halijapanda.

Maji yaliletwa na punda, kutoka visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Mwezi wa tisa wanawake wa mtaani walishinda huko wakingoja maji yajichuje. Wachache walijua kwamba sinia la sanduku linajaa, wakaja kwenye ua kuyaomba yale machafu, angalau ya kufulia. Ba alikataa. Alitaka yamwagwe chini, upande anaouona kwa dirisha la pili. Siku moja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinyoosha kibuyu chake karibu kabisa na sinia. Fimbo iligonga. Nikayamwaga chini, karibu na miguu yake, na mchanga ukayanywa tukiwa tunautazama wote wawili. Aliniita mayu, jina la heshima kwetu Usukumani, akaondoka. Hakurudi tena.

Msimu wa pili mkamwana alishika mimba. Ilikuwa ya kwanza baada ya miaka minane ya ndoa. Ba alikuwa ameshaulizia habari zangu, na mtu alikuwa amemwambia kwamba nilirudishwa kwetu kwa sababu ya kutozaa. Amri ilikuja kwangu kwa kinywa cha mkamwana mwenyewe. Alisimama mbali, akiangalia pembeni, akaniambia kwamba yeye akiwa barazani nisitokeze, nisipite mbele yake, na nisimpe kitu chochote mkononi.

"Si mimi," akasema. "Ni Ba."

Nilitii. Nikimsikia anakuja nilijibana nyuma ya sanduku, kati ya nyasi na ukuta, nikikaa mpaka apite. Mara nyingine alikuwa na mazungumzo marefu na mchuuzi wa mboga, na mimi nimesimama mle nyuma maji yananidondokea shingoni. Nilikuwa nikiitazama kanga yangu na kujiambia kwamba hata kwetu, kwa mama yangu mzazi, nilifichwa hivyo hivyo.

Mwezi wa kumi, saa sita za mchana, mkamwana alitoka jikoni akiyumba. Tangu asubuhi alikuwa anamkaangia Ba vitu vyake. Uso ulikuwa umebadilika rangi. Akaketi sakafuni, akaomba maji, na barazani hapakuwa na mtu mwingine. Nilijitokeza, nikachota kikombe kwenye debe langu, nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili na kuyanywa yote.

Siku ya nne mimba ilitoka.

Ba aliitisha watu wa nyumba, akauliza mmoja mmoja mkamwana alikula nini na alipewa nini na nani. Mkamwana akasema habari ya kikombe. Mpaka leo sijui kama aliogopa au aliamini. Nikaitwa nisimame barazani, nyuma ya sanduku, mahali pangu. Feni ilikuwa inazunguka, na sauti ya Ba ilinifikia kupitia kwenye nyasi, imekatikakatika.

"Wewe hapana kizazi," alisema. "Wewe nakuja kwangu, naua mtoto ya mtoto yangu na kikombe moja."

Akasema mengine kwa lugha yake, na hayo yalikuwa ya mkamwana, maana nilimsikia akilia. Tajiri aliporudi alitaka niondolewe. Ba ndiye aliyekataa. Aliuliza nani atamwaga maji, na joto lenyewe ndilo hilo limefika. Nikabaki. Mkamwana akahamishiwa kula peke yake kwenye ghala la jikoni, akala huko mpaka mvua zikaja na kupita. Tulionana kila siku, mimi na yeye. Hatukuambiana kitu.

Mvua zile zilipokuwa zinakaribia kwisha Ba alianguka msalani. Alipoinuliwa upande wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yamekwenda. Daktari alikuja, akasema ataishi lakini hatatembea. Yaliyobaki yalikuwa macho yake na vidole vya mkono wa kushoto. Fimbo iliwekwa kabatini.

Mwezi wa saba nililitengeneza sanduku kama nilivyofundishwa. Niliua nyigu, nikasugua bati kwa ukwaju, nikazibua vitundu, nikaanika nyasi siku tatu kamili. Feni ililia kidogo, nikaitia mafuta. Sijawahi kulitengeneza vizuri kama mwaka ule. Tajiri alisimama akalitazama, akasema mama yake atapumzika. Yeye alikuwa mtu wa kiwandani, kuanzia asubuhi mpaka jioni alikuwa kwenye mizani na marobota. Kwa mama yake aliingia mara mbili kwa siku, akimgusa miguu na kutoka.

Sasa mkamwana ndiye aliyemlisha, aliyemgeuza, aliyemsafisha. Kwa mara ya kwanza alikaa ndani ya chumba kile akapata upepo ule. Nilidhani itamtosha.

Joto lilipopamba moto, mchana mmoja alitoka barazani na kunikuta juu ya kigoda na debe.

"Leo usitie maji," akasema.

Nikamwambia nyasi zitakauka.

"Ndiyo," akasema.

Nikashuka. Nyasi za sanduku, jua likizipiga, hukauka upesi. Kwanza huacha kudondosha, kisha hubadilika rangi kuanzia juu. Feni haijui, inaendelea kuvuta, na kinachoingia ndani ni hewa ya jua pamoja na vumbi na nyuzi za pamba. Baada ya muda aliniita niingie. Nilikuwa sijawahi kuingia chumbani mle. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri. Ba alikuwa amelala chali, leso inapepea kwa nguvu juu yake, na jasho limeingia kwenye mikunjo ya shingo. Alikuwa anajaribu kugeuza uso kutoka kwenye upepo, uso ukawa unarudi wenyewe. Mkamwana alikuwa amekaa kitini, mikono mapajani.

"Ba," akasema, na alisema kwa Kiswahili ili na mimi nielewe, "kuna joto?"

Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinagonga godoro. Havikutoa sauti. Nilivitazama nikajua vinagonga ukuta.

Tulikaa mpaka kengele ya kiwanda ilipolia ya watu kurudi kazini. Akaniambia nikatie maji. Nilimwaga, nyasi zikafanya ule mlio wao wa kunywa, na baada ya muda upepo ukapoa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Katika siku hizo tatu hakunieleza sababu, wala mimi sikuuliza. Nilizijua sababu zake zote, nami nilikuwa na zangu.

Siku ya nne hakuniambia kitu. Saa sita ilifika nikiwa juu ya kigoda, debe begani. Nilingoja atoke. Hakutoka, nilimsikia jikoni akiimbaimba kwa sauti ndogo, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Nikashuka na debe langu limejaa, nikaliweka kivulini.

Nyasi zilipokauka niliingia ndani mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti kile. Ba alinitambua, nilimwona anavyonitambua. Nilimwambia, "Ba, ni mimi yule wa kikombe." Nilikuwa nimekuja nacho, kimejaa. Nikanywa mbele yake, taratibu, nikikishusha na kukiinua. Macho yake yalifuata kikombe. Kilipokwisha nilikipindua nimwonyeshe kwamba hakina kitu.

Nilifanya hivyo siku ya tano pia, na ya sita. Sikumgusa hata mara moja. Mchana mkamwana alikuwa anakwenda kupumzika, maana alikuwa anaamka mapema kumsafisha, na mimi nilijipimia muda kwa kengele ya kiwanda. Ilipolia nilitoka, nikamwaga maji, chumba kikawa kimepoa kabla mtu hajaingia. Mkamwana alianza kuniambia habari za mgonjwa, kwamba hali chakula vizuri, kwamba midomo imepasuka, anampaka samli. Niliitikia. Kazi nzito ya siku niliifanya nikiwa naingoja saa sita, kama vile watu wanavyongoja kula.

Siku ngapi ilikuwa hivyo sitaki kudanganya, sikuzihesabu. Zilikuwa nyingi kuliko za mkamwana.

Mchana mmoja hakupumzika. Alifungua mlango akiwa na kitambaa kilicholoana mkononi, na joto la chumba likampiga usoni, nikaona anavyorudi nyuma kidogo. Akanitazama mimi kitini, akakitazama kikombe.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Wewe, Bibi."

"Nilikuambia siku tatu."

Nikakiweka kikombe sakafuni.

"Leo nimekuambia?"

"Hapana, Bibi."

Hakunipigia kelele. Alitupa kitambaa kitandani, akatoka, nami nikamfuata. Akalibeba lile debe langu la kivulini, akapanda kigoda na sari yake, mtu ambaye hakuwahi kubeba debe maishani mwake. Hakujua kwamba maji humiminwa polepole. Aliyamwaga yote kwa pamoja, karai likafurika, yakamwagikia kifuani na miguuni, nyasi zikapata machache. Nilitaka kumpokea, akaniambia niache. Akaenda kwenye pipa, akachota tena, akapanda tena. Alifanya hivyo mara tatu, analia, na nywele zimemlowa. Kisha akaketi juu ya kigoda.

"Mimi nimekaa naye miaka tisa," akasema. "Nikafanya siku tatu. Siku ya tatu usiku nikawa siwezi kula. Wewe unakula?"

Nilimwambia nakula. Ilikuwa kweli.

Hakumwambia mumewe, maana angelazimika kueleza nani alianza. Lakini tangu siku ile mlango wa chumba ulikuwa wazi mchana, naye alikaa ndani akishona, na mimi nikimwaga maji alikuwa ananitazama kupitia dirisha la pili. Nilimwaga kwa wakati. Sanduku lilifanya kazi vizuri msimu wote. Ba akihisi upepo umepoa, vidole vyake vya kushoto vinafunguka, lakini nikipita dirishani anafumba macho, na hayafumbui mpaka niwe nimeshuka kigodani. Ikawa kazi ambayo mimi na yeye tuliifanya kila siku, mara nyingi kwa siku. Kuna siku nilipanda kigoda bila haja yoyote, karai likiwa limejaa, ili nimwone tu akifumba.

Mvua za kwanza zilikuja mwezi wa kumi na moja. Joto likavunjika, injini ikapunguziwa saa, na Ba akafa asubuhi moja yenye mawingu, chumba kikiwa kimepoa chenyewe bila msaada wangu. Walimchoma nje ya mji kwa desturi yao.

Siku chache baadaye tajiri alituita wafanyakazi barazani. Alisema mbele ya wote, na mbele ya ndugu zake waliotoka Mwanza, kwamba mimi nilimtumikia mama yake kwa uaminifu hadi mwisho, kwamba watu wa namna yangu ni wachache. Akanipa nguo moja ya Ba, nyeupe, imekunjwa. Niliipokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya wengine, akajifuta machozi kwa furaha. Mkamwana alikuwa mlangoni. Alingoja mpaka watu walipotawanyika.

"Lifunge sanduku," akaniambia. "Ukimaliza uende. Mwambie shangazi yako umechoka na kazi ya maji."

Nikauliza kama nimemkosea.

"Mimi nilikuwa namchukia," akasema. "Wewe ulikuwa unafurahi."

Nililifunga kama inavyotakiwa. Nilizing'oa nyasi, nikawatupia mbuzi wa jirani, wakailamba ile chumvi na kuziacha. Nilikausha sinia kwa jua ili lisipate kutu, nikafunua feni na kuipangusa, nikaipaka mafuta, nikaizungusha kwa kidole nikisikiliza. Nilisugua wavu. Nililivisha gunia, nikalikaza kwa kamba mafundo manne. Ilinichukua siku mbili, na katika siku hizo chakula changu kiliwekwa kizingitini.

Shangazi alinitukana sana kwa kuacha kazi baada ya kusifiwa vile. Nikapanda lori lililokuwa linapeleka magunia ya mahindi kwenye migodi ya dhahabu ya Geita, kwa sababu lilikuwa la kwanza kupita. Huko nilipikia wachimbaji, nikaolewa na mmoja wao, mtu wa Kigoma, na mwaka wa pili nikashika mimba. Nilizaa watoto watano. Hakuna aliyestaajabu ila mimi.

Watu wanaosikia kisa hiki, nao ni wawili tu, wameniuliza nilianza kujuta lini. Wangependa niseme siku ile ya debe, mwanamke yule alipolowana. Hapana. Miaka ile ya kwanza Geita, nikiwa natwanga au nabeba kuni na nguvu zimeniishia, nilikuwa nikiukumbuka uso wa Ba unavyojaribu kukwepa upepo, na mikono yangu ikapata nguvu tena. Haya ilikuja polepole sana, nimeshakuwa mtu mzima, mwanangu wa kwanza alipoleta mke nyumbani. Binti wa watu, mpole. Asubuhi ya kwanza alinipigia goti na kuniletea maji ya kunawa, nami nikajikuta namtazama mikono nikitafuta kosa. Nilinawa, nikamshukuru. Lakini nilikuwa nimeshalitafuta.

Ile nguo nyeupe nilimpa mkunga wangu aifanye vitambaa wakati wa uzazi wa kwanza. Ilikuwa pamba nzuri, ilifyonza vizuri.